Mkono wa Michael Davitt: sheria za mageuzi na watu wa kuzisimamia

Tarehe 8 Mei 1857, katika kiwanda cha pamba huko Baxenden, Lancashire, kaskazini mwa Uingereza, mvulana wa miaka 11 aitwaye Michael Davitt aliwekwa kuangalia mashine ambayo kwa kawaida ilishikwa na kijana aliyemzidi umri na kimo. Magurudumu ya meno yakaudaka mkono wake wa kulia na kuusaga. Siku kadhaa baadaye madaktari waliukata. Hakulipwa fidia. Kwa kuwa kiwandani hakuwa tena na faida kwa mtu, mfadhili mmoja wa mtaani alimsaidia akaenda shule, na ndivyo mtoto huyo alivyopata elimu ambayo mkono mzima usingempatia.

Kinachonirudisha kwenye habari hii kila ninaposoma historia ya mageuzi ya Uingereza na Ireland katika karne ya 19 ni kwamba, kwa mujibu wa vitabu vya sheria, haikupaswa kutokea. Wakaguzi wa viwanda walikuwa wamekwishakuwepo kwa miaka 24. Sheria ya 1844 ilikuwa imeagiza mitambo iwekewe kinga, na mtoto wa umri wake afanye kazi nusu siku tu na nusu nyingine awe darasani. Tena Davitt hakuwa mzaliwa wa Lancashire. Alizaliwa 1846 katika kijiji cha Straide, wilaya ya Mayo, magharibi mwa Ireland, na familia yake ilifika kwenye miji ya pamba baada ya kufukuzwa shambani 1850, wakati sheria nyingine, iliyotungwa kwa ajili ya kuwasaidia maskini wa Ireland, ilikuwa imekwishageuka chombo cha kuwafukuzia. Mtoto mmoja, basi, alipita katikati ya sheria mbili za mageuzi, na hakuna iliyomkinga.

Historia ya kipindi hicho huwa tunasimuliwa kama ngazi: 1829 Wakatoliki waruhusiwa kuingia Bungeni, 1832 tabaka la kati lapewa kura, 1833 watoto walindwa viwandani, 1847 saa kumi za kazi, 1872 kura ya siri, na kadhalika mpaka juu darini. Mpangilio huo unafaa kwa mtihani wa shule, ila unatufanya tuhesabu siku Bunge lilipopiga kura na kusahau kuuliza kilichofuata asubuhi yake. Kwangu mimi, maswali yenye maana kuhusu kila mojawapo ya sheria hizo ni mepesi kuyataja na magumu kuyajibu: nani alipewa kazi ya kuisimamia, aliruhusiwa kuingia wapi, na gharama ilitoka mfukoni mwa nani.

Sheria ya kwanza ya viwanda ilipitishwa 1802, na aliyeipeleka Bungeni, Robert Peel mkubwa, alikuwa mwenye viwanda yeye mwenyewe. Iliwahusu watoto wanagenzi waliotolewa kwenye parokia na kupelekwa viwandani, na ilikataza wasifanyishwe kazi zaidi ya saa 12 kwa siku. Usimamizi uliachiwa mahakimu wa eneo, wateue wageni wawili wa kutembelea viwanda, mmoja hakimu na mwingine kasisi. Hawakulipwa. Hakimu wa eneo katika bonde lenye viwanda mara nyingi alikuwa jamaa wa mwenye kiwanda, au mshirika wake wa biashara, au mwenye kiwanda mwenyewe. Waswahili hatuhitaji maelezo marefu hapa. Tunajua kesi ya nyani ikipelekwa kwa ngedere inaishaje. Sheria ya 1819 ilipiga marufuku kuajiri watoto chini ya miaka 9 katika viwanda vya pamba, lakini haikuweka mkaguzi yeyote: ilimsubiri mtu ajitokeze, ale kiapo, amshtaki tajiri anayempa mkate. Kwa miaka 30 hivi Uingereza ilikuwa na sheria za kulinda watoto na haikuwa na ulinzi wa watoto.

Sheria ya Agosti 1833 haikuwa na ukarimu mkubwa kuzidi zile zilizotangulia. Wafanyakazi wa Yorkshire na Lancashire walikuwa wameandamana wakidai saa kumi kwa siku. Walichopewa ni saa tisa kwa watoto wa miaka 9 hadi 13, saa 12 kwa vijana mpaka miaka 18, na watu wazima wakaachwa kama walivyo. Wengi walirudi nyumbani wamenuna, na walikuwa na haki ya kununa. Hata hivyo ndani ya sheria hiyo mlikuwa na kifungu ambacho baadhi ya wenye viwanda hawakukitilia maanani mwanzoni: serikali iteue wakaguzi wanne, wawe na haki ya kuingia kiwandani wakati wowote kinapofanya kazi, wahoji watu, watunge kanuni, na waandike ripoti. Mshahara wao, pauni 1,000 kwa mwaka, ulitoka serikalini. Mkaguzi wa namna hiyo hakuhitaji kualikwa chakula cha jioni na mwenye kiwanda, wala hakuwa na shamba lililopakana naye.

Wanne kwa viwanda vipatavyo 3,000 ni kichekesho, na walijua hivyo. Wasaidizi wao, kwa miaka ya mwanzo, hawakuwa hata na haki ya kuingia sehemu zenye mashine bila ridhaa ya mwenyewe. Aliyejulikana zaidi kati ya wale wanne, Leonard Horner, alikuwa mwanajiolojia kutoka Edinburgh. Hakuwa mwanamapinduzi, alikuwa muungwana wa tabaka lake, mwenye imani ya kutosha na biashara huru, na nadhani ndiyo maana ushahidi wake ulikuja kuwa mzito. Alikaa kazini kuanzia 1833 hadi 1859, sehemu kubwa ya muda huo akisimamia Lancashire, na ripoti zake za kila nusu mwaka ni masimulizi ya mtu anayeendelea kugundua jinsi watu wenye heshima zao wanavyoiba.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa umri. Sheria inayomlinda mtoto wa miaka 9 inahitaji kujua nani ana miaka 9, na mwaka 1833 hapakuwa na daftari la serikali la vizazi. Kazi ikapewa daktari: amtazame mtoto na athibitishe kwamba ana nguvu na umbo la kawaida la mtoto wa umri unaotakiwa. Wazazi waliotaka mshahara wa mtoto walidanganya, madaktari waliolipwa na kiwanda hawakutaka kuchokoa, na mtoto mnene wa miaka 8 akawa na miaka 10 kwa cheti. Horner akapendekeza kipimo cha kimo. Mwaka 1837 daktari wa meno Edwin Saunders akawaambia wabunge kwamba meno ni shahidi mkweli zaidi kuliko kimo, baada ya kukagua vinywa vya watoto wapatao 1,000. Fikiria foleni hiyo ya watoto, vinywa wazi kama farasi mnadani, serikali ikitafuta kwenye magego yao idadi ya miaka ambayo haikujishughulisha kuiandika walipozaliwa. Mwezi Julai 1837 uandikishaji wa vizazi ulianza Uingereza na Wales, na tatizo likaanza kupungua kizazi baada ya kizazi. Ireland ilisubiri hadi 1864. Davitt alipozaliwa Mayo, hapakuwa na ofisi ya serikali ya kuandika kwamba amezaliwa.

Kikwazo cha pili kilikuwa saa yenyewe ya ukutani. Palipokuwa na saa moja tu kiwandani, ikiwa chini ya meneja, siku ya kazi ilikuwa ndefu kadiri meneja alivyopenda. Saa ilikwenda mbele asubuhi na kurudi nyuma jioni, na mfanyakazi aliyebeba saa yake mfukoni alitazamwa kama mchochezi. Sheria ya 1844 ililazimika kutamka kwamba muda wa kazi ufuate saa ya hadharani, ambayo mpita njia anaweza kuiona. Hata hapo wizi ukahamia kwenye dakika. Mashine zilianza kuzunguka dakika tano kabla ya wakati, zikasimama dakika tano baada ya kengele ya chakula. Dakika tano ni kitu gani? Zizidishe kwa siku 300 za kazi na utapata saa 25, yaani siku mbili na nusu za kazi ya saa kumi, kwa kila mfanyakazi, bila malipo. Wakaguzi walipiga hesabu hiyo na kuichapisha. Karl Marx alizitumia ripoti zao kwa wingi na kumsifu Horner kwa jina, jambo ambalo nina hakika halikumfurahisha mkaguzi mwenyewe iwapo habari zilimfikia.

Sheria ya saa kumi ilipopita 1847, ikiongozwa Bungeni na John Fielden, naye mwenye viwanda (haifai kusahau kwamba walikuwepo wa namna hiyo), baadhi ya wenzake walitafuta mlango wa nyuma. Waligawanya wanawake na vijana katika zamu zilizopishana: huyu aingie saa 12 asubuhi, atoke saa mbili, arudi saa tatu, atoke tena, mpaka hakuna mkaguzi awezaye kusema fulani amefanya kazi saa ngapi. Mashine hazikusimama, na wanaume wazima wakaendelea nazo saa 14 au 15. Horner aliwashtaki, mahakimu wa Lancashire wakawaachia, na Februari 1850 mahakama ya juu mjini London ikaamua kwamba zamu hizo hazikuvunja sheria kama ilivyoandikwa. Kilichofuata ni mapatano: sheria mpya ya 1850 iliongeza nusu saa kwa siku, kwa wiki ya saa 60, lakini ikatamka wazi kwamba wanawake na vijana wafanye kazi kati ya saa 12 asubuhi na saa 12 jioni, na Jumamosi waondoke saa nane mchana. Wafanyakazi wengi waliiona kuwa ni usaliti. Mimi naiona tofauti kidogo. Saa kumi zisizokaguliwa zilikuwa saa kumi za maneno. Saa kumi na nusu zenye mwanzo na mwisho unaojulikana zilimwezesha mkaguzi kusimama barabarani saa 12 na dakika tano jioni, kutazama dirisha lenye taa, na kujua kwamba sheria inavunjwa.

Lakini pale wakaguzi walipogusa fedha nyingi zaidi, walirudishwa nyuma. Walipotaka mitambo yote iwekewe kinga, ikiwemo mihimili iliyozunguka juu ya vichwa, wenye viwanda waliunda chama 1855 cha kupambana na agizo hilo, na mwaka 1856 Bunge likawapunguzia wajibu, likaruhusu pia mgogoro kuhusu kinga uamuliwe na waamuzi wenye ujuzi wa mashine, ambao ni nadra kuwa watu wa kuzikataa mashine. Mkono wa Davitt ulisagwa mwaka uliofuata, katika wilaya ya Horner. Sisemi kwamba badiliko hilo la sheria ndilo lililomjeruhi. Hilo siwezi kulithibitisha. Ninachosema ni kwamba mwaka huo mwenye kiwanda alikuwa amekwishaona upepo unaelekea wapi.

Katika mwaka ule ule wa 1833, siku moja kabla ya sheria ya viwanda, Bunge lilikuwa limekamilisha sheria ya kukomesha utumwa katika sehemu kubwa ya makoloni ya Uingereza. Wamiliki walitengewa fidia ya pauni milioni 20; watumwa hawakutengewa kitu. Kwa kuwa kila mtu alijua mahakimu wa visiwa vya Karibi walikuwa wenye mashamba, London ilipeleka mahakimu wake wenye mshahara kusimamia kipindi cha mpito. Wazo, basi, lilieleweka vizuri kabisa: ukitaka sheria ifanye kazi dhidi ya wenye nguvu wa mahali, peleka mtu ambaye wenye nguvu hao hawamlipi. Miaka 64 baadaye, Unguja na Pemba, wazo hilo halikuonekana. Amri ya Sultani Hamoud bin Mohammed ya Aprili 1897, iliyotolewa kwa shinikizo la Waingereza, haikumwacha mtumwa huru papo hapo. Ilimtaka aende yeye mwenyewe mahakamani kudai uhuru, na akishaupata aonyeshe kwamba ana makazi na njia ya kujipatia riziki, asije akahesabiwa mzururaji. Masuria waliachwa nje hadi 1909. Kazi ya kuitekeleza amri ilitwishwa aliyekuwa dhaifu kuliko wote, kama vile mwaka 1819 mtoto wa kiwandani alivyosubiriwa amshtaki tajiri wake.

Ireland, iliyokuwa imeunganishwa na Uingereza kwa sheria tangu 1801, ilipata sheria yake ya maskini 1838. Tume iliyoongozwa na askofu mkuu Richard Whately ilikuwa imechunguza kwa miaka mitatu na kushauri kwamba mfumo wa Uingereza wa nyumba za maskini haufai huko, kwa kuwa watu wa Ireland hawakuwa wavivu wanaokwepa kazi. Kazi yenyewe haikuwepo. Serikali iliuweka ushauri huo kando. Ikamtuma George Nicholls, mtaalamu wa mfumo wa Uingereza, naye baada ya ziara ya wiki chache akarudi na jibu lililotakiwa. Nchi ikagawanywa katika miungano 130, yaani maeneo ya kusimamia maskini, kila mmoja na nyumba yake yenye kuta nene, wanaume huku, wanawake kule, watoto kwingine. Aliyetaka msaada ilibidi aingie ndani.

Sasa tazama ni nani aliyelipa. Kila muungano ulijigharimia kwa kodi ya ardhi ya mahali hapo hapo, hivyo palipokuwa na maskini wengi ndipo palipokuwa na kodi kubwa na walipaji wachache. Kuanzia 1843, kwa shamba lenye thamani ya pauni 4 au chini ya hapo, kodi hiyo ililipwa na mwenye ardhi badala ya mpangaji. Kwa nia ilikuwa huruma: maskini asitozwe kodi ya kuwasaidia maskini. Kwa utendaji, kila familia yenye kipande kidogo cha ardhi ikawa gharama katika daftari la bwana shamba, na njia nyepesi ya kupunguza gharama ilikuwa kuiondoa familia.

Viazi, chakula cha mamilioni ya watu, vilianza kuoza ardhini 1845 kwa ugonjwa wa kimelea kinachofanana na kuvu, na 1846 karibu mavuno yote yakapotea. Katika kiangazi cha 1847 serikali ilifungua majiko ya supu ambayo kwa kilele chake yalilisha watu milioni 3 kwa siku. Iliwezekana, basi, na hilo ni jambo la kulishika. Dola iliyotaka kulisha ilijua kulisha. Kisha majiko yakafungwa, na mzigo wote ukatupwa kwenye sheria ya maskini chini ya kaulimbiu iliyovuma sana London, kwamba mali ya Ireland ibebe umaskini wa Ireland. Bunge likaruhusu hatimaye msaada utolewe nje ya nyumba za maskini, ila William Gregory, mbunge wa Dublin, alipachika kifungu ambacho jina lake halijakiepuka mpaka leo: yeyote mwenye zaidi ya robo ekari ya ardhi asipewe msaada.

Jiweke mahali pa mkulima wa Mayo mwenye ekari tatu. Viazi vimeoza. Akishikilia shamba, hapati uji wala unga. Akitaka uji, asalimishe ardhi, abakiwe na robo ekari. Na karani wa bwana shamba, anayejua hali ilivyo, hapokei ekari bila kudai na nyumba. Akikubali, paa linabomolewa siku hiyo hiyo ili asirudi. Akila leo, mwakani hana pa kupanda. Polisi walipoanza kuweka hesabu rasmi, walirekodi kati ya 1849 na 1854 karibu watu 250,000 waliofukuzwa moja kwa moja, bila kuwahesabu waliosalimisha ardhi kimyakimya. Watu wapatao milioni moja walikufa kwa njaa na maradhi, na zaidi ya milioni moja walihama.

Familia ya Davitt ilifukuzwa 1850. Walikwenda kwanza kwenye nyumba ya maskini ya Swinford, na hawakukaa hata siku: mama alipoelezwa kwamba mvulana aliyezidi miaka mitatu hutengwa na mama yake, aliwachukua watoto wake akatoka. Michael alikuwa na miaka minne. Wakavuka bahari kwenda Lancashire.

Aliyesimamia sheria hiyo kutoka Dublin aliitwa Edward Twisleton, kamishna mkuu wa maskini. Namfikiria kila mara sambamba na Horner, kwa kuwa wote wawili walikuwa maofisa waangalifu wa serikali ile ile, waaminifu kwa kazi zao, waandishi wa ripoti. Twisleton aliandika na kuandika London kwamba miungano ya magharibi imefilisika na watu wanakufa ndani ya kuta za nyumba zilizojengwa kuwaokoa. Mwaka 1849 serikali ilijibu kwa kodi mpya ya peni 6 kwa kila pauni, itozwe Ireland nzima ili kusaidia magharibi. Uingereza na Scotland, sehemu za ufalme ule ule ulioitwa wa muungano, hazikuguswa. Twisleton akajiuzulu. Gavana wa Ireland, Clarendon, alimweleza waziri mkuu sababu yake kwa maneno makali: kamishna anajiona hafai kuwa wakala wa sera ambayo mwisho wake ni maangamizi. Hazina ya Uingereza ilitumia takriban pauni milioni 8 kwa miaka yote ya njaa, sehemu yake ikitolewa kama mkopo. Ni chini ya nusu ya ile fidia ya wamiliki wa watumwa.

Horner alikuwa na wasaidizi wachache na mahakimu waliomdharau, lakini alivaa mamlaka ambayo hayakulipwa na Lancashire. Twisleton alikuwa na nyumba 130 na makarani wake, na kila senti ilibidi itoke kwa watu walewale ambao sheria iliwafundisha kwamba kumfukuza maskini ni nafuu kuliko kumlisha. Ndiyo maana sikubaliani na wanaodai kwamba Uingereza ya wakati huo haikujua namna ya kufanya mageuzi, kwamba dola bado ilikuwa changa na ikijifunza. Ilikuwa imekwishajifunza 1833. Ilichagua mahali pa kutumia ilichojifunza.

Siasa za kura zilikwenda mwendo uo huo wa kuuma na kupuliza. Chama cha Wakatoliki cha Daniel O'Connell, kilichojengwa kwa mchango wa peni moja kwa mwezi kutoka kwa wakulima, kilimfikisha kwenye ushindi wa uchaguzi mdogo wa Clare 1828, na 1829 Wakatoliki wakaruhusiwa kuwa wabunge. Papo hapo kiwango cha mali cha kumwezesha mtu wa vijijini Ireland kupiga kura kilipandishwa kutoka shilingi 40 hadi pauni 10, na wapiga kura zaidi ya 200,000 wakabaki chini ya 40,000. Wakulima waliomchagua O'Connell ndio walioilipia sheria yake. Mageuzi ya 1832 nayo yaliwapa kura watu wa tabaka la kati, bado kwa kura ya wazi, ambapo mpiga kura alitamka jina la mgombea mbele ya karani na yeyote aliyesimama hapo. Katika Wales, baada ya uchaguzi wa 1868, wapangaji waliompinga bwana shamba kwa sauti yao walinyang'anywa mashamba.

Kura ya siri, mojawapo ya madai sita ya Wachartisti, vuguvugu la wafanyakazi wa Uingereza la kudai kura, tangu 1838, ilipatikana 1872, na ilitumika kwa mara ya kwanza katika uchaguzi wa Bunge Agosti mwaka huo, kwenye uchaguzi mdogo wa Pontefract huko Yorkshire. Sanduku la kura limehifadhiwa katika jumba la makumbusho la mji huo. Lilipigwa lakiri kwa muhuri uliotumika kuchapia peremende nyeusi za urukususi ambazo mji unasifika kwazo. Nakipenda kisa hicho kwa sababu kinaonyesha uhuru wa mpiga kura ukitegemea vitu vya kushikika: sanduku la mbao, kibanda chenye pazia, nta, na muhuri wa mtengeneza peremende. Miaka miwili baadaye, katika uchaguzi mkuu wa 1874, wabunge wapatao 60 wenye kudai Ireland ijitawale waliingia Bungeni, wakichaguliwa na wapangaji ambao kwa mara ya kwanza bwana shamba hakusikia walichosema.

Davitt hakuuona uchaguzi huo. Alikuwa gerezani tangu 1870 kwa kukusanya silaha za mapinduzi, mfungwa wa mkono mmoja katika magereza ya kazi ngumu. Alipoachiwa 1877 na kurudi Mayo, alikuta mavuno mabaya na madeni ya kodi ya pango, na 1879 akasaidia kuanzisha Umoja wa Ardhi, chama cha kutetea wapangaji, Charles Stewart Parnell akiwa rais wake. Mwaka 1880 wapangaji wa Kapteni Charles Boycott, wakala wa ardhi kando ya ziwa Lough Mask, walimsusia: hakuna wa kumvunia, kumpikia, wala kumletea barua. Serikali ilipeleka askari wapatao 1,000 kuwalinda vibarua 50 waliotoka kaskazini kuja kuvuna, kwa gharama iliyokadiriwa kuwa pauni 10,000, mavuno ya thamani ya pauni 500 hivi. Kiingereza kikalazimika kutwaa jina la kapteni kuwa kitenzi. Kiswahili kilikuwa na neno lake la kususa siku zote.

Sheria ya ardhi iliyopatikana Agosti 1881 ndiyo ya kwanza ya Ireland ambayo, nikiitazama kwa maswali yangu matatu, naiona ina miguu. Iliunda Tume ya Ardhi, na tume ikapeleka maofisa wake mashambani. Walitembea wakiupima udongo kwa macho na kwa viatu, wakamsikiliza mpangaji na wakala, kisha wakaandika pango la haki ambalo mwenye ardhi hakuweza kulipandisha kwa miaka 15. Kwa wastani walilipunguza kwa karibu asilimia 20. Lakini wenye malimbikizo ya madeni, yaani maskini kuliko wote, waliachwa nje kwa mara nyingine, na ilibidi itungwe sheria ya pili 1882 kuwaingiza.

Davitt alisoma habari za sheria hiyo akiwa mbali. Serikali iliyoitunga ilikuwa imemkamata tena Februari 1881, na maofisa wa tume walipoanza kukanyaga mashamba ya Mayo, yeye alikuwa katika gereza la Portland, ambako alikaa hadi Mei mwaka uliofuata.